John G. Kemeny

John George Kemeny (kwa Kihungaria: Kemény János György, Budapest, Hungaria, 31 Mei 1926 – New Hampshire, Marekani, 26 Desemba 1992) alikuwa mwanahisabati, mwalimu na mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aliyezaliwa Hungaria. Anajulikana hasa kwa kutunga lugha ya programu ya BASIC mwaka 1964, akishirikiana na mwenzake Thomas E. Kurtz. Lugha hiyo ilikusudiwa watu wasio wataalamu, ili mtu anayejua hesabu za kawaida tu, kama kuzidisha, kugawanya na kutafuta asilimia, aweze kuiagiza kompyuta imfanyie kazi hiyo.

Kemeny alikuwa pia mkuu wa Chuo cha Dartmouth tangu mwaka 1970 hadi 1981, na mwaka 1979 aliongoza tume iliyochunguza ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island.

Maisha ya awali

Kemeny alizaliwa katika familia ya Wayahudi mjini Budapest. Mwaka 1938 Ujerumani chini ya Adolf Hitler iliitwaa Austria, nchi jirani ya Hungaria. Baba yake, Tibor, aliona hatari inayokuja, akatangulia peke yake kwenda Marekani kuandaa maisha mapya. Mwanzoni mwa mwaka 1940 familia ilimfuata na kuhamia New York. Babu yake alikataa kuondoka. Yeye na ndugu wengine waliobaki Ulaya waliuawa katika maangamizi ya Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Kijana Kemeny alifika New York akiwa na umri wa miaka 13. Aliandikishwa katika shule ya sekondari ya George Washington, akalazimika kusoma masomo yote kwa lugha ngeni. Hata hivyo baada ya miaka mitatu hivi alimaliza akiwa wa kwanza darasani.

Masomo na kazi ya Los Alamos

Mwaka 1943 Kemeny alijiunga na Chuo Kikuu cha Princeton kusoma hisabati na falsafa. Alipokuwa bado mwanafunzi alikatiza masomo kwa takriban mwaka mmoja kwenda Los Alamos, New Mexico, ambako Marekani ilikuwa ikitengeneza bomu la nyuklia kwa siri. Huko alifanya kazi katika kitengo cha mahesabu chini ya mwanafizikia Richard Feynman.

Kitengo hicho hakikuwa na kompyuta kama zinazojulikana leo. Kilitumia mashine za IBM zilizobuniwa kwa ajili ya hesabu za ofisi. Namba ziliingizwa kwa kadi zilizotobolewa, na kadi hizo zilihamishwa kwa mikono kutoka mashine moja hadi nyingine. Hesabu moja ndefu ilichukua wiki kadhaa, wafanyakazi wakipokezana zamu usiku na mchana. Miaka mingi baadaye Kemeny aliikumbuka kazi hiyo na kuilinganisha na ya mwanafunzi wa Dartmouth wa mwaka 1970, ambaye angeweza kuimaliza mchana mmoja huku wenzake wengi wakitumia kompyuta ileile.

Huko Los Alamos alikutana pia na mwanahisabati John von Neumann, mzaliwa wa Budapest kama yeye, ambaye mawazo yake kuhusu kompyuta za kielektroniki yalimvutia sana. Mwaka 1945 Kemeny alipata uraia wa Marekani.

Baada ya vita alirudi Princeton. Mwaka 1949 alipata shahada ya uzamivu chini ya Alonzo Church, mmojawapo wa waanzilishi wa nadharia ya ukokotozi. Katika miaka 1948 na 1949 alikuwa msaidizi wa Albert Einstein katika hisabati. Mwaka 1950 alimwoa Jean Alexander, wakapata watoto wawili.

Mwalimu wa Dartmouth

Mwaka 1953 Kemeny, akiwa na umri wa miaka 27, aliteuliwa kuwa profesa wa hisabati katika Chuo cha Dartmouth kilichopo Hanover, New Hampshire. Tangu mwaka 1955 hadi 1967 aliongoza idara ya hisabati ya chuo hicho.

Alijulikana kama mwalimu aliyependa kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwaka 1957 alitoa kitabu cha utangulizi wa hisabati pamoja na J. Laurie Snell na Gerald L. Thompson. Kitabu hicho kiliwalenga hasa wanafunzi wa sayansi ya jamii na biolojia. Kilifundisha mantiki, seti, uwezekano na matriki, mada ambazo wakati huo hazikufundishwa kwa wasiosomea hisabati. Kilitumiwa katika vyuo vingi.

Katika utafiti alishughulikia minyororo ya Markov, ambayo aliiandikia kitabu mwaka 1960 pamoja na Snell, na pia njia ya kuunganisha upangaji wa watu wengi kuwa mpangilio mmoja. Njia hiyo ya mwisho inatumika katika nadharia ya upigaji kura na imebeba jina lake.

Safari ya kuelekea BASIC

Mwaka 1956 Thomas Kurtz alijiunga na idara ya Kemeny. Wakati huo Dartmouth haikuwa na kompyuta. Aliyetaka kufanya hesabu kubwa aliandaa kadi zake, na kadi hizo zilisafirishwa kwa treni hadi Massachusetts, kwenye kompyuta ya chuo cha MIT. Kosa moja dogo katika kadi lilimaanisha kusubiri hadi safari nyingine.

Mwaka 1959 chuo kilipata kompyuta ndogo ya LGP-30. Wanafunzi wa shahada ya kwanza waliitumia kwa ustadi, hata wakaandika programu ya kutafsiri lugha ya ALGOL. Jambo hilo lilimthibitishia Kemeny kwamba vijana wanaweza kufanya kazi ambayo watu walidhani ni ya wataalamu pekee.

Lakini wanafunzi wengi wa Dartmouth hawakusomea sayansi. Ni takriban asilimia 25 tu waliochukua masomo ya sayansi na uhandisi. Waliobaki walisoma historia, lugha, siasa au uchumi, na wengi wao wangekuja kuwa viongozi wa biashara na serikali. Kemeny na Kurtz waliona ni hatari kwa watu hao kufanya maamuzi kuhusu kompyuta bila kuwahi kuitumia. Wakaamua kwamba kila mwanafunzi wa chuo apate nafasi ya kutumia kompyuta kwa uhuru, kama anavyoingia maktaba na kuchukua kitabu.

Mpango wao ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa mfumo wa kugawana muda wa kompyuta, wazo walilolipata kwa John McCarthy wa MIT. Kompyuta moja ingewahudumia watu wengi kwa zamu fupi sana, kila mmoja akiona kana kwamba anahudumiwa peke yake. Ya pili ilikuwa lugha mpya, kwa sababu FORTRAN na ALGOL zilikuwa na kanuni nyingi mno kwa mtu anayeanza.

Wapo wataalamu waliotilia shaka kama chuo kidogo kinachotegemea wanafunzi kingeweza kazi hiyo. Hata hivyo Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani lilitoa fedha, na kompyuta ya kampuni ya General Electric ilifika mwanzoni mwa mwaka 1964. Kemeny mwenyewe aliandika kompaila ya kwanza, yaani programu inayotafsiri maagizo ya BASIC kuwa lugha ya mashine. Wanafunzi waliandika mfumo wa kugawana muda. Tarehe 1 Mei 1964, saa kumi alfajiri, programu za kwanza za BASIC ziliendeshwa kwa wakati mmoja kutoka mashine mbili za teletaipu, nazo zikatoa majibu sahihi.

BASIC na hesabu ya asilimia

Jina BASIC ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya msimbo wa maagizo kwa wanaoanza, unaofaa kwa kazi zote. Kila mstari una namba yake, na baada ya namba huja neno la kawaida la Kiingereza linaloeleza kazi ya mstari huo.

Hesabu ya asilimia inaonyesha vizuri nia ya watungaji wake. Mwanafunzi aliyepata maswali 18 kati ya 24 na anayetaka kujua amepata asilimia ngapi angeandika hivi:

10 LET A = 18
20 LET B = 24
30 LET P = 100 * A / B
40 PRINT P
50 END

Neno LET linaagiza namba iwekwe chini ya herufi fulani. Alama ya nyota ni kuzidisha, na mstari wa mshazari ni kugawanya. Neno PRINT linaagiza jibu lichapwe. Mwanafunzi akimaliza kuandika, anapiga neno RUN, na teletaipu inachapa 75. Kanuni yenyewe ni ileile ya darasani: chukua sehemu, zidisha kwa 100, gawanya kwa jumla.

Katika FORTRAN ya wakati huo kazi hiyohiyo ilikuwa na mtego. Lugha hiyo ilitenganisha namba kamili na namba zenye desimali, na namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu lilikatwa desimali zake. Kwa hiyo 18 gawanya kwa 24 ilitoa 0 badala ya 0.75, na 0 hiyo ikizidishwa kwa 100 ilibaki 0. Mwanafunzi aliyepata maswali matatu kati ya kila manne aliambiwa na mashine kwamba hakupata kitu. Akizidisha kwanza na kugawanya baadaye, angepata 75. Lakini aliyepata maswali 17 kati ya 24 angepata 70 kamili, kwa kuwa sehemu iliyobaki ilitupwa bila onyo. Zaidi ya hayo, aina ya namba ilitambuliwa kwa herufi ya kwanza ya jina lake: majina yaliyoanza kwa herufi kati ya I na N yalihesabiwa kuwa ya namba kamili, isipokuwa mwandishi ameagiza vingine.

Kemeny na Kurtz waliona kwamba tofauti hiyo ilikuwa kwa faida ya mashine, wala haikumsaidia mwanafunzi kuielewa hesabu yake. Katika BASIC waliiondoa. Namba zote zilishughulikiwa kwa namna moja, kama namba zinazoweza kuwa na desimali. Kama jibu lilikuwa namba kamili, lilichapwa bila desimali. Kama halikuwa, lilichapwa kwa tarakimu sita. Kwa maswali 17 kati ya 24 mwanafunzi alipata 70.8333. Mpangilio wa kuzidisha na kugawanya haukumletea mshangao tena.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Kompyuta hufanya hesabu za desimali polepole kuliko za namba kamili, na baadhi ya desimali, kama 0.1, haziwezi kuandikwa kikamilifu katika mfumo wa namba mbili unaotumiwa na mashine. Kemeny alikubali gharama hiyo. Kwa maoni yake muda wa mtu ulikuwa na thamani kuliko muda wa mashine, na bei ya mashine ingeendelea kushuka.

Kuenea kwa BASIC

Huko Dartmouth BASIC iliingizwa katika masomo ya hisabati ya mwaka wa kwanza. Wanafunzi walipewa mihadhara michache, kisha wakaachwa wajifunze kwa kuandika na kusahihisha programu zao wenyewe. Mwaka 1966 chuo kilifungua jengo maalumu la kompyuta, na shule za sekondari na vyuo vingine viliunganishwa na mfumo huo kwa njia ya simu. Watungaji hawakudai malipo kwa wale walioitumia lugha yao.

Katika miaka ya 1970 kompyuta ndogo za nyumbani zilianza kuuzwa. Mwaka 1975 Bill Gates na Paul Allen waliandika toleo la BASIC kwa ajili ya kompyuta ya Altair, bidhaa ya kwanza ya kampuni ya Microsoft. Baadaye karibu kila kompyuta ya nyumbani iliuzwa ikiwa na BASIC ndani yake, na kwa mamilioni ya watu hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya kwanza ya programu.

Hata hivyo kumbukumbu ya kompyuta hizo ilikuwa ndogo sana, na baadhi ya matoleo yalipunguza yale ambayo Kemeny aliyaona ya msingi. Kompyuta ya Apple II ya mwaka 1977 ilitoka na toleo lililojua namba kamili tu, hadi 32767. Katika toleo hilo mtego wa asilimia ulirudi: 18 gawanya kwa 24 ilikuwa 0. Hata kuzidisha kwanza hakukusaidia pale sehemu ilipozidi 327, kwa kuwa zao lake kwa 100 lilivuka kikomo na programu ikasimama.

BASIC ilipata pia wapinzani. Mwaka 1975 mwanasayansi wa Uholanzi Edsger Dijkstra aliandika kwamba wanafunzi walioanza na BASIC ni vigumu kufundishika programu nzuri. Lawama kubwa ilikuwa juu ya agizo la GOTO, linaloruhusu programu kuruka kutoka mstari mmoja hadi mwingine ovyo. Kemeny na Kurtz walikuwa wamekwisha kuiboresha lugha yao huko Dartmouth kwa miundo iliyopunguza haja ya agizo hilo, lakini matoleo ya kompyuta za nyumbani hayakufuata maboresho hayo.

Mkuu wa chuo

Mwaka 1970 Kemeny alikuwa mkuu wa 13 wa Dartmouth. Aliendelea kufundisha hisabati hata akiwa na wadhifa huo.

Chini yake chuo, kilichoanzishwa mwaka 1769 na kudahili wanaume tu kwa shahada ya kwanza, kilianza kuwapokea wanawake mwaka 1972. Ili kupata nafasi kwa wanafunzi zaidi bila kujenga mabweni mengi, masomo yaligawanywa katika mihula minne kwa mwaka mzima. Kemeny alikumbusha pia kwamba chuo kilianzishwa kwa kusudi lililotajwa la kuwasomesha Wenyeji wa Amerika, ilhali katika miaka 200 ni wachache sana waliohitimu. Aliagiza watafutwe na kudahiliwa, na idara ya masomo yao ilianzishwa mwaka 1972. Mabadiliko hayo yalipingwa na baadhi ya wahitimu wa zamani.

Mwaka huohuo alitoa kitabu kuhusu mtu na kompyuta. Ndani yake alitabiri kwamba watu watakuwa na mashine za kompyuta nyumbani, zikiwaunganisha na maktaba na vyanzo vya habari vya mbali.

Tume ya Three Mile Island

Tarehe 28 Machi 1979 kinu cha nyuklia cha Three Mile Island katika jimbo la Pennsylvania kilipata ajali iliyoyeyusha sehemu ya kiini chake. Rais Jimmy Carter alimteua Kemeny kuongoza tume ya watu 12 ya kuchunguza chanzo chake.

Taarifa ya Oktoba 1979 ilieleza kwamba vifaa vilikuwa na kasoro, lakini tatizo kubwa lilikuwa la watu: mafunzo duni, maelekezo yenye utata na usimamizi uliojiridhisha mno. Ving'ora zaidi ya 100 vililia mwanzoni mwa ajali bila kuonyesha lipi ni la muhimu. Taa moja iliwafanya wafanyakazi waamini kuwa vali imefungwa, kumbe ilionyesha tu kwamba agizo la kuifunga limetumwa. Vali ilikuwa wazi na maji yalikuwa yakitoka. Mashine ya kuchapa ya kompyuta ilichelewa kwa zaidi ya saa moja, hivyo ilitoa habari zilizopitwa na wakati.

Tume ilikosoa vikali kampuni iliyokuwa ikiendesha kinu na mamlaka ya serikali iliyosimamia nyuklia, ikataka mabadiliko ya msingi. Kuhusu afya, iliona kwamba mionzi iliyotoka ilikuwa kidogo na kwamba madhara makubwa kwa wakazi yalikuwa ya msongo wa mawazo.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1981 Kemeny alijiuzulu ukuu wa chuo na kurudi darasani. Mwaka 1983 yeye na Kurtz walianzisha kampuni ya kutoa toleo jipya lililoitwa True BASIC, ili kurudisha lugha kwenye nia yake ya awali na kuifanya iendeshwe kwa namna moja katika kompyuta za aina tofauti. Mwaka 1985 walitoa kitabu kilichoeleza historia ya lugha hiyo na jinsi ilivyoharibiwa na matoleo ya haraka. Mwaka huohuo Kemeny alipewa tuzo ya waanzilishi wa kompyuta ya shirika la IEEE.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 26 Desemba 1992, akiwa na umri wa miaka 66. Kurtz aliishi hadi mwaka 2024.

Urithi

Jengo la idara ya hisabati la Dartmouth limepewa jina la Kemeny. BASIC yenyewe haitumiwi sana siku hizi, ingawa iliendelea katika lugha nyingine kama Visual Basic ya Microsoft ya mwaka 1991.

Swali alilolijibu mwaka 1964 bado linawakuta wanafunzi. Katika lugha za C na Java, 18 gawanya kwa 24 hutoa 0 mpaka leo, na anayeanza kuandika programu ya kutafuta asilimia hulazimika kujifunza aina za namba kabla ya kupata jibu. Lugha ya Python ilifanya vivyo hivyo hapo awali. Toleo lake la tatu, lililotoka mwaka 2008, lilibadilisha kanuni hiyo, hivyo alama ya kawaida ya kugawanya sasa inatoa 0.75, kama ilivyokuwa katika BASIC ya kwanza.